Wosia umelala wapi? Safari kutoka bweta hadi RITA

Fungua sanduku la Zanzibar la mti wa msaji, lile la misumari ya shaba. Ndani, ubavuni, utakuta kijisanduku chembamba chenye kifuniko chake. Katika baadhi ya masanduku, chini yake kumefichwa vidroo ambavyo asiyeelekezwa hawezi kuviona. Humo wenye nyumba waliweka dhahabu, hati za mashamba na wosia. Asiyemiliki sanduku alikuwa na bweta na ufunguo wake.

Lakini wazee hawakutegemea kufuli peke yake. Katika Uislamu, Hadithi mashuhuri inamhimiza mwenye cha kuusia asilale siku mbili bila wosia wake kuandikwa, na maandishi hayo huambatana na mashahidi. Bara, wengi waliusia kwa mdomo, na wosia ukakaa vifuani mwa waliousikia.

Mwaka 1963, serikali ya Tanganyika ilipotangaza kwa maandishi sheria za mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba, iliuheshimu utaratibu huo. Wosia wa mdomo ulitakiwa ushuhudiwe na watu wasiopungua wanne: wawili wa ukoo na wawili watu baki. Wa maandishi, kwa anayejua kusoma na kuandika, ulihitaji angalau wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Mtu baki hana urithi anaougombea.

Zama za ofisi zilileta makabati ya serikali. Uingereza ilianza mwaka 1858 kukusanya wosia chini ya mahakama moja ya mirathi. Ireland nayo ilirundika nyaraka zake katika jengo la Four Courts, Dublin. Tarehe 30 Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, jengo hilo lililipuka na kuteketea. Vipande vya karatasi vilivyoungua vilipeperuka juu ya mji. Karibu wosia wote wa asili uliokuwa humo uliangamia. Kilichosaidia ni vitabu vya nakala vilivyokuwa vimebaki katika masjala za wilaya. Ushindi wa siku ile ulikuwa wa nakala iliyolala mahali pengine.

Tanzania Bara, tangu mwaka 2006, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) imebeba kazi zilizokuwa za Idara ya Kabidhi Wasii Mkuu, na mwananchi anaweza kuandika na kuhifadhi wosia wake huko. Wengine huuweka kwa wakili, benki, mahakamani au kwa viongozi wa dini. Kote huko ni bora kuliko chini ya godoro, kwenye mchwa, mvua na mkono wa ndugu mwenye tamaa.

Hata hivyo, wosia usiojulikana ulipo ni sawa na wosia usioandikwa. Mjane anaweza kufukuzwa nyumbani ilhali karatasi ya kumtetea imetulia salama kabatini. Kwa hiyo tuyaunganishe ya kale na ya sasa: wosia ukae ofisini, nakala ikae pengine pamoja na orodha ya hati za kiwanja, vyeti na akaunti, na watu wawili tunaowaamini, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki, waambiwe leo pa kuutafuta. Si lazima wajue kilichoandikwa. Yatosha wajue mlango wa kugonga.