Mshahara haujatajwa: manamba wa Singida na matangazo yetu ya kazi

Mei Mosi ya mwaka 2025 kitaifa ilifanyika hapa kwetu Singida, uwanja wa Bombadia. Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kwamba kima cha chini cha mshahara kwa watumishi wa umma kitapanda kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, kuanzia Julai. Namba ikatajwa kweupe, kwenye kipaza sauti, hata muuza karanga wa nje ya uwanja aliisikia.

Sasa ndugu msomaji, toka hapo uwanjani uende kwenye matangazo ya kazi ya kampuni na mashirika. Shahada, uzoefu wa miaka mitatu, kompyuta, Kiingereza fasaha, "awe tayari kufanya kazi katika mazingira magumu". Halafu mwisho kabisa: "maslahi ni ya kuvutia". Kuvutia nani? Hapo ndipo vijana tunapoanza kubishana vijiweni. Wapo wanaosema kazi ni kazi, tuma kwanza mengine baadaye. Wapo wanaosema anayeficha bei ana lake jambo. Mimi nimeamua kulipeleka swali hili nyuma kidogo, kwa babu zetu waliokwenda mkonge.

Mkonge wenyewe ni mgeni. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, iliyofika ikiwa hai ni 62 tu. Kutoka hiyo 62 yakazaliwa mashamba ya Tanga na Morogoro, na mashamba yakataka mikono. Mikono ilitafutwa mbali, na Singida ilikuwa mojawapo ya sehemu hizo. Wanyaturu na Wanyiramba walikwenda mkongeni, wengine wakaelekea kaskazini kwenye mashamba ya walowezi ya Arusha na Moshi.

Kwa nini waende? Kodi. Wajerumani walianzisha kodi ya nyumba mwaka 1897, Waingereza wakaja na sheria yao ya kodi ya nyumba na kichwa mwaka 1922. Serikali ilitaka fedha taslimu. Mwenye ng'ombe aliweza kuuza ng'ombe, ila ng'ombe kwa Mnyaturu ni mahari, ni samadi ya shamba la uwele na mtama, ni akiba ya mwaka wa njaa. Asiyetaka kumgusa ng'ombe wake alibakiwa na kitu kimoja cha kuuza: nguvu zake.

Hapa sasa pana jambo ambalo wengi hawalitarajii. Manamba, yaani wale walioandikishwa na mawakala na kupewa namba, mshahara wao ulitajwa! Sheria ya mwaka 1923 ya mabwana na watumishi Waafrika (jina lenyewe linajieleza) iliweka utaratibu wa mikataba, na mkataba wa aliyeandikishwa ulishuhudiwa mbele ya afisa wa serikali. Kiasi kilisomwa. Mtu akaweka dole gumba.

Kilichofichwa kilikuwa kingine: mwezi. Malipo yalikwenda kwa kipande, kadi yenye nafasi 30 za kutiwa alama. Siku uliyomaliza kazi uliyopimiwa, unawekewa alama. Siku uliyoumwa, hakuna. Siku uliyoshindwa kukata majani yote uliyopangiwa, hakuna. Kwa hiyo ule "mwezi" ungeweza kuwa wiki sita au zaidi, na shilingi zilikuwa zilezile. Kijana anayetoka Ilongero au Kiomboi, ambaye hajawahi kuuona mkonge kwa macho, angejuaje kwamba neno mwezi lina maana mbili?

Wengi walijua kwa sababu waliotangulia walirudi na kusimulia. Ndiyo maana katika miaka ya 1920 na 1930 sehemu kubwa ya vibarua wa mkonge hawakuwa manamba hata kidogo. Walikwenda wenyewe bila mkataba wa wakala, wakafika, wakatazama, wakauliza, wakachagua shamba. Ukikuta shamba halina maji au nyapara ana mkono mwepesi, unasogea shamba la pili. Mwenye mkataba hakuweza, maana kuacha kazi kabla ya muda lilikuwa kosa la jinai. Wenye mashamba hawakuupenda uhuru huu. Mwaka 1944, vita ikiwa imepandisha mahitaji ya mkonge, wakaunda ofisi yao ya pamoja ya kuandikisha vibarua, SILABU. Nauli juu yao, chakula cha njiani juu yao. Leo tungesema "maslahi ya kuvutia".

Nani alikuwa mjanja hapo? Mwanaanthropolojia Mmarekani Harold Schneider alikaa kwa Wanyaturu mwaka 1959 hadi 1960, na mwaka 1970 akachapisha kitabu kuhusu uchumi wao. Wakati huo wataalamu wengi waliamini mfugaji wa Kiafrika anapenda ng'ombe kama mtu aliyerogwa. Schneider akaeleza kinyume: hawa watu wanapiga hesabu. Nafaka kwa mbuzi, mbuzi kwa ng'ombe, kila kitu kina bei na bei inapanda na kushuka. Kwa watu wa namna hiyo kwenda mkongeni hakukuwa suala la "kazi ni kazi". Nikirudi nitanunua nini? Nikiondoka wakati wa mvua, nani atalima? (Aliyelima ni mke, na jasho lake halikuandikwa kwenye kipande cha mtu yeyote.)

Tena si mbali tu. Dhahabu ya Sekenke, kule Iramba, ilitumika kutengeneza sarafu za dharura pale Tabora mwaka 1916, zenye picha ya tembo. Thamani yake iliandikwa wazi juu ya sarafu: rupia 15. Mwenye mali husahau mara chache sana kuandika bei ya mali yake.

Turudi kwetu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya maandishi anapoanza kazi, pamoja na malipo na namna yanavyokokotolewa. Anapoanza kazi. Siyo kwenye tangazo. Serikali yenyewe huandika ngazi, mfano TGS B, nawe ukiijua ngazi unaweza kuulizia kiasi chake kwa mtumishi yeyote. Sekta binafsi nyingi hawaandiki hata herufi, na hawajavunja sheria.

Kwa hiyo gharama ya kutojua inabebwa na mwombaji. Fikiria kijana yuko Singida mjini, kazi iko Dar es Salaam, karibu kilomita 700. Kutoa kopi za vyeti, wakili agonge muhuri, picha ndogo, nauli ya usaili kwenda na kurudi, kulala kwa shangazi Mbagala. Ndipo anaambiwa kiasi, tena kwa sauti ya chini, akiwa ameshatumia hela ya mwezi mzima. Akirudi mikono mitupu hasara ni yake, akikubali basi kakubali kwa sababu ameshaingia gharama.

Mimi binafsi ni mwandishi ninayelipwa kwa habari inayotoka gazetini, isiyotoka hailipwi, kwa hiyo kipande nakifahamu vizuri. Mwezi huu kuna nafasi moja Dar nimeitamani, jina la ofisi nalihifadhi. Mshahara haukutajwa. Niliandika barua pepe ya mistari miwili kuuliza kiwango kinaanzia wapi. Jibu likaja siku ya pili: "Taja matarajio yako." Nikamtafuta mtu aliyewahi kufanya kazi pale, nikamuuliza mambo matatu: mshahara wa kuanzia, kama unatoka kwa tarehe, na siku ya kazi inaisha saa ngapi. La kwanza alilijibu haraka. La pili akacheka. La tatu akasema, "Kaka, pale siku haiishi."

Mwisho wa kutuma maombi ni Ijumaa. Situmi.