Kiti Kipya, Sharti Jipya: Umri wa Kustaafu na Majaji Waliomo Ofisini

Katiba ya Kenya iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 inamtaka jaji astaafu atimizapo miaka 70. Kabla yake kikomo kilikuwa miaka 74. Je, jaji aliyeteuliwa zama za kikomo cha zamani abaki nacho, au afuate kipya? Naibu Jaji Mkuu Kalpana Rawal na Jaji Philip Tunoi walilifikisha suala hilo mahakamani, wakidai miaka 74 kwa kuwa walianza ujaji kabla ya 2010. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa iliwakatalia, na mwezi Juni Mahakama ya Juu ikauacha uamuzi huo usimame. Makala haya yanaunga mkono matokeo hayo kwa majaji hao wawili, lakini yanapinga kuyageuza kuwa kanuni ya kila ofisi.

Hoja yao haikuwa nyepesi. Jedwali la Sita la katiba liliwaruhusu waliokuwa ofisini waendelee. Jedwali hilohilo lilipotaka kuwagusa, lilisema waziwazi: liliagiza majaji wote wachunguzwe upya, na Jaji Mkuu wa wakati huo aondoke katika wadhifa huo ndani ya miezi sita. Kuhusu umri wa waliomo, halikutamka neno. Katika ukimya wa namna hiyo, tafsiri inayomlinda aliyemo ndiyo yenye uzito zaidi.

Wapo wanaojibu kwamba kiapo kinamaliza ubishi, kwa kuwa maofisa wote walitakiwa kuapa upya chini ya katiba mpya. Sikubaliani nao. Kiapo kilichoamriwa na sheria ni ahadi ya utii. Hakiwezi kusomwa kama ridhaa ya kupunguziwa miaka ya kazi.

Kinachoamua ni kiti. Mahakama ya Juu haikuwapo kabla ya 2010. Tunoi aliingia humo 2011, na Rawal akawa Naibu Jaji Mkuu 2013. Hakuna aliyewalazimisha kuomba nafasi hizo, na kikomo cha miaka 70 kilikuwa kimeandikwa katika katiba iliyoziunda. Mtu hawezi kupokea mamlaka ya ofisi mpya huku akidai masharti ya ofisi aliyoiacha. Lakini jaji aliyebaki katika kiti chake cha zamani yuko katika hali tofauti, na alistahili hukumu tofauti.

Tofauti hii ina uzito kwa sababu kinga ya ajira ya jaji ni ngao ya mwananchi. Mwaka 2018 Poland ilishusha umri wa kustaafu wa majaji wa Mahakama ya Juu yake kutoka 70 hadi 65, ikiwahusisha waliokuwa kazini, na ikampa Rais uwezo wa kumwongezea muda amtakaye. Hapo jaji anayekaribia miaka 65 angesikiliza kesi ya serikali akijua kwamba mkate wake uko mikononi mwa Rais. Juni 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba sheria hiyo ilivunja kanuni ya kutowaondoa majaji kiholela. Kenya haikufikia hapo: kikomo chake kilipigiwa kura ya maoni na wananchi, na hakikumwachia yeyote uteuzi wa nani abaki.

Basi kanuni iwe hivi: sharti jipya la sifa limfikie aliyemo ofisini pale tu katiba inapotamka hivyo, au pale yeye mwenyewe anapokubali kiti kipya. Nayo kazi ya kutamka ni ya waandishi wa katiba. Marekebisho ya 22 ya Katiba ya Marekani, yaliyoanza kutumika 1951, yaliweka ukomo wa urais na papo hapo yakamwondoa katika ukomo huo rais aliyekuwa madarakani, Harry Truman. Kifungu kimoja cha mpito kilitosha kuzuia kesi. Kenya ilikikosa, na majaji wakalazimika kuhukumiana wao kwa wao juu ya ajira zao, jambo ambalo hakuna mahakama inayopaswa kufikishiwa.