Orodha ya AP ya Mwanzo wa Msimu
Orodha ya AP ya mwanzo wa msimu ni upangaji wa timu 25 bora za futiboli ya Kimarekani ya vyuo vikuu. Shirika la habari la Associated Press huitoa kila Agosti, kabla timu hazijagusa mpira. AP ilianza kupanga timu kila wiki mwaka 1936, chini ya mhariri wake wa michezo, Alan J. Gould; orodha ya kabla ya msimu ilifuata mwaka 1950.

Wapiga kura ni waandishi na watangazaji wa michezo wapatao 60. Timu ambayo mpiga kura ameiweka kileleni hupata pointi 25, ya pili 24, hadi ya mwisho inayoambulia 1.

Mapema hivyo, kura huegemea jina la chuo, matokeo ya mwaka uliopita na wachezaji waliobaki. Hapo ndipo wengi huumbuka. Tarehe 1 Septemba 2007, Michigan, iliyoshika nafasi ya tano, iliikaribisha Appalachian State ya daraja la chini na kulala 34–32 mbele ya mashabiki zaidi ya 100,000. Sekunde za mwisho Corey Lynch wa Appalachian State alizuia teke ambalo lingewaokoa wenyeji. Orodha iliyofuata ilitoka bila Michigan. Florida State nayo ilianza ya 10 mwaka 2024, ikamaliza na ushindi mara mbili na vipigo 10.

Brigham Young, kinyume chake, haikuwemo orodhani kabla ya msimu wa 1984, ikaishia bingwa.

Tangu 2014 mchujo wa ubingwa hufuata orodha ya kamati maalumu, ambayo, kwa busara, husubiri nusu ya msimu ipite.