Nyumba ya Mzee Naipingo: Kutoka Udongo hadi Saruji

Historia ya makazi ya wazee Naipingo, katika nchi ya Nachingwea na Ruangwa, haianzi na jengo la serikali. Inaanzia uani. Wamwera, wenyeji wa nchi hii, hufuata ukoo wa mama, na kwa desturi mume alihamia kwa wakwe zake. Hivyo bibi alizeeka akiwa amezungukwa na binti zake na wajukuu. Nyumba ilikuwa ya miti na udongo, paa la nyasi, ndani pana ubaridi hata jua la saa saba. Kitanda cha kamba kilikuwa kifupi, mafiga hayakuwa mbali, na kibarazani bibi alisuka ukili huku akimsalimu kila apitaye.

Kisha zikaja vita na mipango ya wakubwa. Vita vya Maji Maji (1905–1907) na njaa iliyofuata viliwatawanya watu wa kusini. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Vijana wakafuata mishahara, na mwaka 1951 mradi ukavunjwa. Miaka ya 1970, operesheni ya kuwahamishia watu vijijini ikawapanga kwa mistari. Zahanati na shule zikasogea karibu, lakini uani pakagawanyika.

Fedha za korosho nazo zikaleta bati na saruji. Ni maendeleo, ila mzee hakuulizwa. Bati linachoma mchana. Sakafu iliyosuguliwa inateleza ikilowa. Kizingiti kirefu kinamkwaza anayeburuta mguu, na choo cha shimo kiko nyuma ya nyumba, gizani, bila pa kushika wakati wa kuchutama na kuinuka.

Serikali ina makazi ya wazee, kama Nunge ya Kigamboni, na Zanzibar wana Sebleni na Welezo. Hata hivyo Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003, iliyomtambua mzee kuanzia miaka 60, iliiweka familia mbele katika matunzo, ikitaka makazi hayo yawe kimbilio la asiye na mtu.

Basi kazi iko kwa anayejenga. Ondoa kizingiti, panua mlango, kwaruza sakafu, weka kitanda kinachofika magotini, funga mti wa kushikia chooni, leta taa, na usisahau kibaraza chenye kivuli. Kabla fundi hajamwaga zege, muulize bibi atapitia wapi.