Kipimo cha mkojo kwa wajawazito
Kwa kipimo hiki mkunga hutafuta protini, sukari na dalili za maambukizi katika mkojo wa mjamzito. Katika sehemu kama Rubaya, mji wa migodi ya koltani huko Masisi, Kivu Kaskazini, kipimo hiki kisichohitaji maabara wala umeme kina thamani ya pekee. Mama huacha mkojo wa kwanza upite, akakinga wa katikati, kwani ute wa ukeni huleta protini ya uongo. Kibandiko cha protini kwenye kijiti kinachochovywa katika mkojo huo kikigeuka kutoka manjano kuwa kijani, na presha ikafika 140/90 baada ya wiki ya 20, hushukiwa dalili za awali za kifafa cha mimba. Bila mashine ya presha, kijiti ni shahidi dhaifu. Vijiti vikiisha, mkojo huchemshwa na kutiwa matone ya asidi ya asetiki; ukibaki na utando mweupe, una protini.