Mfuatano wa Nyimbo kwa Msikilizaji Mgeni: Mfano wa Nyabiyonza

Mtu atakaye kuzijua namna za muziki zilizo ngeni kwake huuliza kwanza majina ya nyimbo, kumbe lililo kubwa zaidi ni mfuatano wake. Wimbo mwema ukitangulizwa mahali pasipo pake huchosha sikio, na sikio lililochoshwa siku ya kwanza ni gumu kulirudisha. Nauchukua mfano wa Nyabiyonza, penye migomba na kahawa, katika nchi iliyokuwa ufalme wa Karagwe, kwa sababu hapo historia yaweza kumshika msikilizaji mkono.

Wengi hudhani kuwa njia ya haki ni kuanza na ya kale na kushuka hadi ya leo. Mwanahistoria huipenda njia hiyo, maana ndiyo kazi yake. Msikilizaji hana deni hilo. Naona heri aanze na alijualo, kisha apande kama apandaye mto kutafuta chemchemi. Vijana wa Nyabiyonza, kama wenzao wa Tanzania nzima, waujua wimbo wa “Salome”, ambao Diamond Platnumz aliutoa pamoja na Rayvanny mwaka 2016. Basi huo uwe wa kwanza. Wa pili uwe “Maria Salome” wa Saida Karoli, binti wa Kagera, ambao ndio uliouzaa ule wa kwanza. Saida aliuimba kwa Kihaya, lugha iliyo jirani mno na Kinyambo, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 sauti yake ilivuma nchi nzima, hata kwa watu wasiojua neno moja la lugha hiyo. Msikilizaji akizisikia mbili hizi kwa kufuatana atatambua, bila mwalimu, kilichochukuliwa na kilichoachwa.

Kutoka kwa Saida hatua ni fupi hadi enanga. Hii ni ala ya mti uliochongwa mfano wa sinia refu, na uzi wake hupitishwa huku na huku katika ncha mbili hata zikapatikana nyuzi saba au nane. Mpigaji huilaza mbele yake, akaimba habari za wafalme, mashujaa na Mugasha, mwenye ziwa na tufani. Speke na Grant walipofika kwa Mfalme Rumanyika wa Karagwe, Novemba 1861, waliikuta ikipigwa, nao wakaitaja katika vitabu vyao kwa jina la nanga. Grant alikuwa na jeraha baya mguuni, akabaki Karagwe hata Aprili 1862 hali mwenzake amekwisha kwenda Buganda. Na mgonjwa asiyeweza kutembea hupata nafasi ya kusikiliza.

Hapa ndipo penye uchungu. Enanga ilikuwa na walezi, nao walikuwa watawala. Utawala wa machifu ulipofutwa Tanganyika mwaka 1963, ala hii ilipoteza ua iliyozoea kuimbiwa. Watu wachache waliwahi kuihifadhi. Hugh Tracey alipita Tanganyika mwaka 1950 akirekodi muziki wa makabila mengi, Wahaya wakiwamo, baadaye M. M. Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alizikusanya na kuzichambua tenzi za enanga, zikiwamo za Habibu Selemani, manju mashuhuri wa Bukoba. Hata hivyo maktaba ni mbali na Nyabiyonza, na simu i mfukoni. Kwa hiyo nafasi ya tatu katika orodha naiacha wazi kwa makusudi: msikilizaji aijaze kwa sauti ya mzee wa jirani, akiomba ruhusa kwanza, na aandike jina la mwimbaji, mahali na tarehe. Faili isiyo na jina ni nusu ya kupotea.

Sikio lililozoea nyuzi za enanga haliogopi gitaa. Nafasi ya nne nampa Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, na baadaye Super Volcano, aliyefariki Januari 1979. Ya tano nampa Jean Bosco Mwenda wa Katanga, ambaye Tracey alimrekodi mwaka 1952 akipiga “Masanga”. Bosco alikuwa mtu mmoja na gitaa moja, na katika hilo yu karibu na manju wa enanga kuliko bendi yoyote ya dansi. Wakuba nao wapewe nafasi moja, kwa kuwa sahani za GV za HMV zilizoingia Afrika tangu 1933 ziliwafundisha wapigaji wetu mengi.

Taarabu nimeiweka mwisho, na najua wapenzi wake watanilaumu. Sababu yangu ni kwamba taarabu hudai subira: shairi lake ni la mafumbo, na beti hupishana na vinanda kwa muda mrefu. Afikapo hapo, msikilizaji asianze na kundi kubwa la Ikhwani Safaa, lililoundwa Unguja mwaka 1905. Aanze na Siti binti Saad, aliyesafiri mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi sahani kwa Kiswahili, na ambaye Shaaban Robert aliandika wasifu wake uliochapishwa mwaka 1958. Kurekodi kwenyewe kuna mikwaruzo mingi. Asipunguze sauti, aisogeze simu sikioni.