Kulainisha kwa Joto: Istilahi na Mrija wa Stenlesi

Kulainisha kwa joto ni kupasha chuma kigumu moto hadi kiwango maalumu, kukiacha humo kwa muda, kisha kukipoza ili kikubali kukunjwa bila kupasuka. Maelezo mengi ya ufundi huongeza neno moja: kukipoza "polepole". Neno hilo linamfaa mhunzi wa mashoka, lakini linampoteza fundi wa stenlesi.

Wahunzi wana istilahi yao ya siku nyingi, matiko. Shoka likitolewa motoni likiwa jekundu na kutumbukizwa majini, limetiwa matiko: limekuwa gumu na linashika makali. Kazi iliyo kinyume chake ingeweza kuitwa "kutoa matiko", na kwa shoka, patasi au kisu cha pua jina hilo linatosha. Kipashe tena, kifukie kwenye majivu, kiache kipoe chenyewe.

Mrija wa stenlesi haukupata ugumu kwa njia hiyo. Aina inayotumika zaidi, 304, ina kromiamu kiasi cha asilimia 18 na nikeli asilimia 8, na haikomazwi kwa moto na maji. Hukomazwa kwa kuvutwa ikiwa baridi, kupitia tundu lililo dogo kuliko mrija wenyewe. Kila unapopita, fuwele za ndani hubanwa na kurefuka, na baadhi hugeuka kuwa za muundo mgumu zaidi. Sumaku hufichua jambo hili: kwenye 304 laini hainati, lakini kwenye mrija uliovutwa sana hunata kidogo. Mrija wa namna hii, kama ule wa sindano za hospitali, ukiukunja kwa nguvu hubonyea, kisha huvunjika penye kona.

Dawa yake ni joto la kati ya nyuzi 1,010 na 1,120 za Selsiasi. Hapo fuwele mpya, zisizo na msongo, huchukua nafasi ya zile zilizobanwa. Kwa macho, chuma huwa cha rangi ya chungwa inayoelekea njano. Wekundu hafifu hautoshi, tena una madhara. Kati ya nyuzi 425 na 860 hivi, kaboni iliyomo hushikana na kromiamu kwenye mipaka ya fuwele. Pembezoni mwa mipaka hiyo kromiamu hupungua, na ikishuka chini ya asilimia 10.5 hivi, kinga dhidi ya kutu hutoweka. Ndiyo maana mrija huu hupozwa haraka, mara nyingi kwa maji, ili uvuke eneo hilo la hatari upesi. Maji yaleyale yanayolikomaza shoka huuacha mrija huu ukiwa laini. Aina ya 304L, yenye kaboni isiyozidi asilimia 0.03, huvumilia zaidi, lakini kanuni haibadiliki.

Yapo mambo mawili ya karakana. Hewa ya kawaida huacha gamba jeusi ndani na nje ya mrija, kwa hiyo hupitishwa gesi ya argoni, au gamba huondolewa kwa asidi baadaye. Na ukijaza mchanga ili mrija usibonyee wakati wa kukunja, mchanga huo uwe mkavu kabisa. Mrija ukipashwa moto, unyevu uliozibwa ndani hugeuka mvuke na kuulipua mikononi mwako.

Kwa hiyo ninapendekeza "kulainisha kwa joto" liwe jina la jumla, kwa kuwa linataja matokeo na halifungamani na namna ya kupoza. Matiko yabaki kwa wahunzi wa pua. Nao watungaji wa kamusi za ufundi wafute "polepole" kwenye fasili, waandike "kwa kasi inayofaa aina ya chuma". Na wewe fundi, kama mrija ni wa kubeba mafuta au gesi yenye shinikizo, usiulainishe kwa kukisia rangi ya moto. Nunua uliokwisha kulainishwa kiwandani.